Mawese kwenye ulimi wa masini

Mutu wa kwanza niliyemuona akipiga mutu mwingine kwa sababu ya mafuta alikuwa baba-mukwe wangu. Nilikuwa na siku ine tu kwake kama bibi-arusi. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba, kule Kadutu, mutaa wa Bukavu, masini ya kukata miti iko mbele yake juu ya gunia, na Zihindula, mufanyakazi wake, amesimama pembeni na kopo. Zihindula alimwaga mafuta kidogo chini. Kidogo sana, sawa vile mate ya mutoto. Baba-mukwe aliinuka, akamupiga na tupa kwenye mufupa wa bega, akakaa tena, akaendelea kusafisha. Zihindula mwenyewe alisema tu, "Pardon, Fundi," akaenda kuchota mengine.

Nitamwita Fundi, kama mutaa muzima ulivyomwita. Jina lake ninalijua, maana mimi majina hayanipotei: kikosi chake chote ninaweza kukitaja mupaka leo, Zihindula, Bisimwa, Murhula, na yule mufupi wa Kabare aliyeitwa Baguma. Lakini Fundi alikuwa baba wa bwana yangu, na kwetu bibi-arusi hataji jina la baba-mukwe. Hamutazami usoni. Hali mbele yake. Kama ana neno la kumwambia, analipitisha kwa mutu mwingine, ao anasema na ukuta, na baba-mukwe anasikia. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na mimi nilisema na ukuta.

Masini ile ilikuwa ya occasion. Muzungu mwenye mbao, aliyemwajiri Fundi, aliinunua kwa Muzungu mwenzake aliyerudi kwao, na ilipofika hakuna aliyeweza kuiwasha. Ilikuwa nzito kama mbuzi dume, tena ya watu wawili: mumoja anashika upande wa moteri, mwingine anashika kishikio cha mbele, kule ulimi unapoishia. Ulimi tuliita ile chuma ndefu na bapa ambayo shene, munyororo wenye meno, inaizunguka. Muzungu alitaka kuitupa. Fundi aliomba wiki moja. Aliifungua yote juu ya shuka la mama-mukwe, akapanga vyuma kwa musitari, akakataza mutu yeyote kupita karibu, hata kuku. Kuku mumoja alipita. Walimula jioni ile.

Wiki ilipoisha masini iliunguruma, na tangu siku ile haikuguswa na mukono mwingine. Kila siku akitoka kazini, mbele ya kunawa, mbele ya kuonja kitu, aliinoa. Jino moja, tupa mara tatu, kwa kusukuma tu, si kwa kuvuta. Alitoa takataka kwenye mufereji wa ulimi na unyoya wa kuku, akazibua tundu ndogo ambamo mafuta inapita. Kila siku ya posho aliugeuza ulimi, wa juu uende chini, kwa sababu, alisema, ukiuacha unalika upande mumoja kama kiatu cha mulevi. Akikaza shene aliivuta na vidole viwili: ikilegea anakaza, ikikataa kabisa kuvutika analegeza, na yote mbili alikuwa anatukana. Sijawahi kuona mutu akiogesha mutoto kwa uangalifu ule. Na mikono ni ileile iliyovunja pua ya Bisimwa kwa sababu aliiweka masini kwenye udongo, ulimi chini.

Mafuta ndiyo ilikuwa wazimu wake. Kwenye moteri kulikuwa na kidude cha kusukuma kwa kidole gumba, na kila ukisukuma, mafuta inaenda kwenye ulimi. "Shene ikikauka inapata moto, ikipata moto inakatika, ikikatika haiulizi mutu jina," alisema Fundi. Basi kila asubuhi alijaribu kama mafuta inapita. Mafundi wengine wanawasha masini, wanaelekeza ncha ya ulimi kwenye kisiki cheupe, wanangoja kuona musitari wa mafuta unaruka. Fundi alikuwa anajaribia kwenye kifua cha mutu. Yule aliyefika wa mwisho ndiye kisiki.

"Simama."

"Fundi, leo mutoto aliamuka na homa..."

"Simama, nimesema. Fungua mikono."

Na mutu alisimama, mikono wazi, meno ya shene yanazunguka umbali wa kiganja kimoja tu mbele ya kitovu chake, mupaka musitari mweusi umejichora kwenye shimizi, shati yake ya kazi, toka tumbo mupaka kidevu. "Muzuri. Uende kazini." Kule soko ya Nyawera ulikuwa unawajua watu wa Fundi kwa ule musitari. Wake zao walifua na majivu, walifua na sabuni ya Wazungu, haukutoka. Siku moja Murhula alijikojolea mbele ya ulimi. Bisimwa akacheka. Fundi alizima masini, akamupiga Bisimwa mupaka akaanguka, halafu akavua koti lake mwenyewe, akamupa Murhula ajifunge kiunoni. Na kesho yake, Murhula akichelewa tena, alisimamishwa tena.

Ndiyo maana mimi sikuweza kumuchukia sawasawa. Siku nyingine kapita wa Muzungu, musimamizi wa kazi, alimukuta Baguma amelala nyuma ya mbao, akaamuru apigwe fimbo nane mbele ya watu, kama ilivyokuwa wakati ule wa Wabeleji. Fundi alikuja na hatua ndefu.

"Hawa ni wangu. Hakuna mutu wa kuwapiga isipokuwa mimi."

"Fimbo zimeishaandikwa, Fundi. Lazima zianguke."

"Zianguke basi hapa." Akalala chini yeye, pahali pa Baguma, akashusha patalo, akainua shimizi. Mugongo wake tayari ulikuwa na alama za zamani, umejaa mifereji. Alipigwa nane bila sauti. Akasimama, akafunga mukaba, akamufuata Baguma nyuma ya mbao akamupiga kumi.

Mama-mukwe hakumugusa hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. "Aliniinulia mukono wiki ya kwanza," akasema, "nikamwambia: uteremushe, ao upike mwenyewe mupaka kufa." Alicheka akiendelea kutwanga. Lakini mama-mukwe alimulinda mutu mumoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Mugisho hakulindwa.

Mugisho alikuwa bwana yangu, mutoto wa Fundi, mwanaume wa miaka makumi mbili na tatu, na ndiye aliyeshika kishikio cha mbele. Fundi hakumwamini mutu mwingine pale. Kwa wengine ile ilikuwa heshima. Mimi niliona vile Mugisho alivyomwaga chai yake nje kila asubuhi bila kuionja.

"Umwambie hautaki," nilimwambia.

"Nabintu, haujui baba yangu. Akisimama mbele yangu, kinywa changu kinasema ndiyo mbele nifikiri."

Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Sikuomba kitu kingine kwa Mungu, wala nyumba wala nguo: nilitaka mume wangu atoke kwenye masini ile akiwa muzima.

Tulipandaga na kikosi mulimani, upande wa Kahuzi, kwenye mianzi. Wake wawili ao watatu tunapika kambini wiki nzima, wanaume wanakata. Kule juu mwezi wa sita na wa saba baridi inakuuma masikio, asubuhi majani ni meupe. Mafuta tuliyotumia ilikuwa vidanje, ile mafuta nyeusi inayotolewa kwenye moteri za kamio, magari ya mizigo, na baridi inaifanya nzito kama asali. Kwa hiyo Fundi aliichanganya na petroli ya taa. Kifuniko kimoja kwa Bukavu, viwili kwa mulimani, vitatu kwa kiangazi, wakati wa ile baridi. Alichovya musumari, akauinua, akatazama tone linavyoanguka. Likivutika kama makamasi, anaongeza. Likikimbia kama maji, anatukana, anaanza upya. Chupa ililala karibu na moto, si juu ya moto. Masini nayo aliiacha iungurume polepole mupaka ipate joto, mbele ya kuigusisha kwenye muti. Kwa kazi hii alikuwa mutu wa akili sana, sitamunyima.

Lakini kiangazi kile kamio ya vidanje ilikwama njiani, na Muzungu alitaka mihimili yake kesho yake, bila kukosa. Fundi alizunguka kambini akipiga miti na ngumi. Ndipo Zihindula akasema:

"Fundi, petroli iko, lakini vidanje imeisha. Mawese ya bamama tu njo inabakia."

Fundi alisimama. Alichovya kidole kwenye chupa yetu ya mawese, iliyokuwa kando ya jiko, akasugua na kidole gumba. "Mawese ni mafuta," akasema. "Tena inateleza kuliko vidanje. Ilete."

Mwanamuke yeyote wa Bukavu anajua mawese inafanya nini kwenye baridi. Asubuhi unaikuta imeganda kwenye chupa, lazima uisogeze karibu na moto ndipo imiminike. Lakini mwanaume anaikuta kwenye sahani, imeisha kuiva na maharagi. Watu watano walisimama pale, wenye wake, wenye mama, na hakuna hata mumoja aliyejua. Waliipasha moto, ikawa nyekundu, safi, inakimbia bila petroli. Wakaimwaga kwenye tanki. Fundi alijaribia kwenye shimizi ya Bisimwa, palepale karibu na moto, musitari mwekundu ukaruka vizuri. "Munaona?" Walipiga makofi.

Halafu wakabeba masini saa nzima kwenye ukungu, kupanda kwenye muti. Mimi nilifuata na kikapu cha viazi. Walipoiweka chini nikaona mudomo wa tanki, pale mawese ilipomwagikia. Haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa ya manjano, imekauka, kama mushumaa.

Nilimuvuta Mugisho.

"Ile mafuta imeganda."

"Nyamaza, atakusikia."

"Basi umwambie weye."

"Nimwambie nini? Bibi yangu ameona mafuta? Atanivunja meno."

Ukuta haukuwa pale, nikageukia muti, nikasema kwa sauti: "Weye muti, mawese ikipata baridi inakuwa jiwe!"

Zihindula aliinama kwa kucheka. "Yoo! Bibi-arusi anataka kupikia masini maharagi!" Wote wakacheka. Fundi alinisikia, bega lake lilisimama kidogo. Hakunitazama. Alimwambia Mugisho, "Mwanamuke arudie masufuria yake," akavuta kamba, masini ikalia.

Sikurudi. Ulimi uliingia kwenye muti, na mwanzoni unga ulitoka mweupe. Halafu ukawa wa kahawia. Halafu nikasikia harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni, na moshi wa buluu ukatoka kwenye ulimi wote. Fundi alikuwa anasukuma kile kidude, anasukuma, kidole kimekuwa cheupe. Angeweza kuzima. Ingekuwa mutu mwingine ameshika masini, angemupiga kwa kutokuzima. Lakini wote walikuwa wamecheka, naye alikuwa amesema mawese ni mafuta. Akaongeza gazi, moteri ikakimbia zaidi.

Mugisho alikuwa upande wa pili wa muti, mikono miwili kwenye kishikio. Alimutazama baba yake, akasema kitu, sikusikia. Hakuachilia.

Nilipiga kelele: "Papa!" Hakuna aliyegeuka, kila mwanaume pale aliitwa papa, ni kusema baba. Ndipo nikamwita baba-mukwe kwa jina lake, lile mama yake alimupa. Mara mbili, kwa nguvu yote ya tumbo langu.

Fundi aligeuka. Kidole kikatoka kwenye gazi, moteri ikashuka, na palepale shene ikakatika. Sikuiona ikipita. Niliona Mugisho amekaa chini, amejishika mukono, na vidole viwili vya kuume haviko, kiganja kimepasuka mupaka kwenye kifundo. Muti wa nyuma yake ulikuwa na jeraha la kuingiza ngumi. Zihindula, aliyekuwa ameacha kucheka, aliniambia kwamba ingekatika kwenye mbio yake yote ingechukua kichwa.

Fundi alipasua shimizi yake, akafunga ule mukono, akamutupa Mugisho mugongoni akakimbia. Alikimbia mulima wote kuteremka, akimutukana. "Shika shingo, mujinga! Usilale! Ukilala nitakuua!" Mimi nyuma yao. Damu ya mutoto iliteremkia kwenye mifereji ya mugongo wa baba. Kwenye mulango wa dispanseri, walipomuchukua Mugisho kwa kumushona, Fundi alinigeukia akanipiga kofi ambalo sikio la kushoto linalisikia mupaka leo.

"Hii ni ya jina," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu bila mutu katikati. Kesho yake alimutoa Zihindula meno mawili kwa kuleta mawese. Yeye mwenyewe aliyesema ni mafuta, hakuna mutu wa kumupiga.

Hapo nilifikiri imeisha. Lakini mukono ulipofunga kidonda, alikuja kwetu na masini begani. Shene alikuwa ameiunga, ameinoa, inang'aa.

"Umepona. Siku ya kwanza ya wiki tunapanda."

"Ndiyo, papa," akasema Mugisho.

Ile "ndiyo" yake iliniogopesha kuliko damu. Mbele ya siku ya kwanza kufika, tulikuwa juu ya kamio ya simenti tunateremka Luvungi, kwa mujomba wangu Bahizire aliyekuwa na shamba la mihogo. Kule ni joto, hakuna miti ya kukata na masini. Njiani Mugisho aliniambia, "Nabintu, akinifuata nitaenda naye. Ninajijua. Asinione."

Akatufuata, baada ya viangazi viwili. Ilikuwa saa sita muchana, ninaanika mihogo mbele ya nyumba, mutoto amelala ndani. Nikamuona anatoka barabarani na koti lake la mulimani kwenye joto ile ya bonde la Ruzizi, shingo imekonda. Mugisho alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye shamba, mihogo mirefu ilimuficha.

"Hodi. Mugisho eko wapi?"

"Karibu, papa. Ukae."

"Sikukuja kukaa. Muzungu anaenda kwabo, ananiachia masini. Nimejaribu batu kwa kishikio cha mbele, bote bajinga, mumoja alikimbia na shimizi yangu. Mugisho eko wapi?"

Nilimutazama usoni, mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa madogo kuliko nilivyofikiri.

"Papa, Mugisho alishakufa."

Sikujua nitasema vile. Kinywa kilisema chenyewe.

"Alikufa na nini?"

"Na ule mukono. Ulioza."

Akaketi juu ya mihogo yangu. Hakulia. Alipiga udongo na ngumi, mara moja, mara mbili, vipande vya mihogo vinaruka, na mara ya tatu kulikuwa na damu kwenye vifundo vya vidole. Mutoto aliamuka, akatoka, akasimama kumutazama. Fundi aliinua ngumi mara ya ine.

Na nyuma ya nyumba tukasikia jembe. Mugisho alilima kwa mukono wa kushoto, wa kuume unaongoza tu, kwa hiyo jembe lilipiga kwa nguvu, halafu likakwaruza. Piga, kwaruza. Luvungi nzima hakuna mwanaume mwingine aliyelima vile. Halafu akakohoa. Halafu akatukana muzizi, kwa sauti ya baba yake kabisa: "Toka, weye mujinga!"

Ngumi ya Fundi ilibakia juu. Alinitazama, nami nikamutazama. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya kwenda shamba, na mukononi nilikuwa na mutwangio, muchi wa kutwangia mihogo, sijui niliuokota saa ngapi. Angepita, ningemupiga nao kichwani. Ninaandika ukweli: ningemupiga, na si mara moja.

Aliutazama mutwangio. Alisimama polepole, akapangusa unga kwenye patalo.

"Pole na kilio," akasema.

"Asante, papa."

"Kaburi iko mbali?"

"Hapana. Iko hapa karibu."

"Mimi sitafika pale. Nikifika..." Shamba liliendelea: piga, kwaruza. "Nitamutuma mama yake. Banamuke njo banajua kulia ku kaburi. Atalala siku ngapi?"

"Zile anapenda."

"Muzuri. Atakuja na unga, maana hii mihogo yako nimeikalia."

Akamutazama mutoto, akanyoosha mukono, akaona damu, akaurudisha mufukoni. Akaenda.

Barabara ya Bukavu inapita kando ya shamba lile, na kuna pahali ambapo mihogo ilikuwa bado mifupi, anayepita anaona kila mutu anayelima. Nilisimama pembeni ya nyumba, mutwangio bado mukononi. Fundi alifika pale, akasimama. Alivua kofia. Alitazama mbele, kwenye milima, shingo imekazana mupaka mishipa inaonekana kutoka kwangu. Hakugeukia shamba. Mugisho aliinama akatoa muzizi, akautupa, akaendelea. Fundi akavaa kofia, akapanda barabara.